Trela la Gurudumu la Tano Halivutwi Tu, Linabebwa

Siku tuliyokwenda kuangalia trela letu la kwanza la kulala la gurudumu la tano, muuzaji aliizunguka pikapu yangu mara moja, akaipiga kofi ubavuni, akasema, "Hii inavuta tani tano, kaka. Hamtajua hata kama kuna kitu nyuma." Hakudanganya. Kitabu cha gari nacho kiliandika tani 5, na trela lenyewe, likijazwa mpaka kikomo chake, lilikuwa tani 4.5. Tukalipa, tukaondoka nalo. Miezi minne baadaye nilikuwa natafuta pikapu nyingine.

Gari halikuharibika wala hatukupata ajali. Nilikosea swali tu. Niliuliza gari linavuta kiasi gani, na trela la aina hii huulizwi linavutwa na nini, unaulizwa linabebwa na nini.

Kwa ambaye hajawahi kuliona kwa karibu: trela la kawaida la kulala hufungwa nyuma ya bampa, kwenye mpira wa chuma. Hili lina shingo inayopanda juu ya bodi ya pikapu. Chini ya shingo kuna pini nene ya chuma, kingpini, yenye unene wa milimita 50 hivi, nayo inaingia kwenye taya za kiunganishi kilichofungwa ndani ya bodi, juu kabisa ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Ni mpango uleule wa malori yanayovuta matrela makubwa. Jina la gurudumu la tano limetoka mbali, enzi za magari ya farasi, ambayo yalikuwa na duara lililolala juu ya ekseli ya mbele ili ekseli iweze kugeuka. Manne yalikanyaga ardhi, la tano likalala juu yao.

Mahali pini inapokaa ndipo raha yote ya trela hili ilipo. Kwa kuwa uzito uko juu ya ekseli na haukuning'inia nyuma ya gari, trela halichezi mkia ovyo upepo ukilipiga au lori likikupita kwa kasi. Nimewahi kuvuta ya bampa, na sitaki kurudi huko. Lakini raha hiyo ina bei yake. Trela la bampa hukalisha kwenye gari kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake. La gurudumu la tano hukalisha asilimia 15 hadi 25, nami kwa mahesabu yangu huchukua 20.

Sasa tazama hesabu niliyopaswa kuifanya kabla ya kutoa pesa. Asilimia 20 ya kilo 4,500 ni kilo 900. Pikapu yangu, kwa mujibu wa kibandiko kilichoko kwenye fremu ya mlango wa dereva, iliruhusiwa kubeba watu na mizigo ya jumla ya kilo 790. Humo toa mimi, mke wangu na mtoto. Toa kiunganishi chenyewe, maana chuma kile si kijiko, changu kina kilo 65. Toa sanduku la zana na vikorokoro vya nyuma ya viti. Nilibakiwa na kilo 500 kwa ajili ya pini iliyotaka 900. Injini ilivuta bila kulalamika, kweli. Mgongo ndio uliokuwa unaumia: springi zimelala, taa za mbele zinaangaza matawi ya miti, na matairi ya nyuma yamebonyea.

Kwa hiyo soma kibandiko cha mlango kwanza, kabla hata hujaanza kuangalia picha za matrela. Kisome kwenye gari lako mwenyewe, si kwenye tangazo la gari linalofanana nalo. Mbili za muundo mmoja na mwaka mmoja zinaweza kupishana kilo nyingi kwa sababu moja ina viti vizito na paa la kioo. Na kwenye trela usipige hesabu kwa uzito wa tupu. Hakuna anayesafiri na trela tupu. Chukua uzito wa juu unaoruhusiwa, ulioandikwa kwenye bati la ubavuni.

Halafu nenda kwenye mizani ya malori. Mimi nilikwenda nikiwa nimeshachelewa. Pima kwanza pikapu peke yake, tangi limejaa, familia nzima imo ndani na kiunganishi kimefungwa. Kisha rudi na trela limefungwa na limepakiwa kama mnavyosafiri, ekseli za gari zikiwa kwenye bamba lao na za trela kwenye lao. Ekseli za gari zikiongezeka kilo 850, basi huo ndio uzito wa pini yako, na hakuna wa kubishana nawe. Linganisha pia ekseli ya nyuma na kikomo chake, maana inaweza kuzidiwa hata kama jumla ya gari iko salama. Matangi ya maji nayo yanaingia kwenye hesabu: lita moja ni kilo moja, na tangi la lita 200 likiwa mbele ya magurudumu ya trela linaongeza pini. Siku hizi natembea na maji ya kunawa na ya choo tu, najaza nikikaribia.

Leseni pia ina mambo yake. Nchi nyingi zina mipaka ya uzito ambayo ukiivuka leseni ya kawaida haitoshi, na bima hukumbuka mpaka huo siku ya ajali. Ulizia mapema.

Kufunga trela ndiko kunakonifanya niandike kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo nilipojiaibisha. Ilikuwa jioni, mvua inaanza, majirani wa kambini wanatutazama. Nikarudisha gari, nikasikia "klak", nikaona mkono wa kiunganishi umejifunga, nikainua miguu ya mbele ya trela, nikaondoka. Gari lilikwenda kama mita tatu. Trela likabaki, kisha likashuka kwa kishindo juu ya kingo za bodi, zote mbili zikapinda.

Kilichotokea ni hiki. Pini iliingia ikiwa juu mno. Taya zilifunga chini ya sehemu nyembamba zinayopaswa kuikumbatia, zikaishika ncha tu, na kwa macho ya mtu aliyesimama pembeni mkono ulionekana umefungwa sawasawa. Dawa yake ni mbili. Kwanza, kabla ya kurudi nyuma, shusha trela mpaka bati la shingoni liwe chini kidogo kuliko sahani ya kiunganishi, ili gari likiingia lilisukume trela juu kidogo. Likiinuka, unajua mabati yamegusana. Ukiona mwanga kati ya sahani na bati, hujafunga kitu. Chukua tochi, uinamie, uangalie taya zenyewe zimezunguka pini. Pili, jaribu kuvuta. Miguu ya trela ikiwa bado inagusa ardhi na kabari ziko kwenye magurudumu, shika breki za trela kwa mkono kutoka kwenye kebini, weka gia, ulivute gari mbele taratibu. Trela likikataa na gari likikataa, mko pamoja. Likiachia, miguu iko chini, na utakachopata ni kicheko cha majirani tu.

Tangu siku ile sizungumzi na mtu wakati nafunga. Anayekuja na salamu naye anasubiri. Nusu ya makosa ninayoyajua, yangu na ya wenzangu, yalianza na mtu mwema aliyekuja kupiga soga: mlango wa nyuma wa pikapu uliosahaulika umeinuliwa ukakunjwa na shingo ya trela, kebo ya umeme iliyoburuzwa mpaka ikaisha, kabari zilizosahaulika chini ya matairi.

Kuna waya mwembamba wa dharura ambao watu wengi huutundika popote. Kazi yake ni kuchomoa swichi ikiwa trela litaachana na gari, ili betri ya trela ikaze breki zake zenyewe. Usiufunge kwenye kiunganishi. Kiunganishi kikingolewa kwenye bodi kitaondoka na trela, waya nao utaondoka pamoja nacho ukiwa umelegea, na breki hazitashika. Ufunge kwenye sehemu ya gari lenyewe.

Wenye pikapu ya bodi fupi wana mtihani mwingine: ukikata kona kali, bega la trela linaweza kuingia kwenye kioo cha nyuma cha kebini. Kwa bodi hizo kuna viunganishi vinavyoteleza kurudi nyuma unapogeuka. Ukinunua kile unachopaswa kukitelezesha kwa mkono, jua kwamba siku moja utasahau.

Barabarani lenyewe ni pole kuliko sura yake. Breki za umeme za trela huzirekebishi kwa kubahatisha: kwenye njia tupu, mwendo wa kilomita 40 kwa saa, bana mkono wa breki za trela peke yake. Usikie trela linakushika kiunoni bila magurudumu yake kuburuzika. Kwenye mteremko mrefu shuka gia kabla ya kuanza kuteremka, uiachie injini kazi. Breki zikishapata moto hazikujibu tena. Kona ichukue kwa upana kuliko unavyodhani, kwa sababu magurudumu ya trela hayafuati njia ya gari, yanakata ndani. Na urefu wa kwenda juu! Mengi yanafika mita 3.7 hadi 4.1, na kinachogonga kwanza ni kiyoyozi cha paani. Panda ngazi na futi yako, pima mwenyewe trela likiwa limefungwa kwenye gari, andika namba kwa kalamu nene, ibandike mbele ya macho yako. Usitegemee namba ya kitabuni, maana haijui gari lako lina kimo gani.

Kupiga rivasi sina siri. Shika usukani chini, peleka mkono upande unaotaka mkia wa trela uende. Trela hili linachelewa kuitika, kisha likiitika linaitika lote, kwa hiyo kidogokidogo. Mke wangu ndiye utingo wangu, na kanuni yetu ni moja: nisipomwona kwenye kioo, nimesimama. Tulipoacha kupigiana kelele na kuanza kutumia simu, ndoa ilipumua.

Matairi yamenitia hasara kuliko kitu kingine chochote. Tairi la trela halizeeki kwa kuisha meno, linazeeka likiwa limesimama. Langu lilikuwa na meno mazuri ya kuonea fahari, na umri wa miaka saba. Lilipasuka mchana wa jua kali, likapiga madigadi likaling'oa, likakata bomba la maji chini ya sakafu na kundi zima la nyaya. Tairi lenyewe ndilo lililokuwa rahisi kubadilisha. Ubavuni mwa tairi kuna msimbo unaoanza na DOT, nawe soma tarakimu zake nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi sasa nabadilisha kati ya mwaka wa tano na wa sita, yote pamoja, liwe zuri lisiwe zuri. Upepo pima asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa la baridi. Angalia pia kasi yake: mengi yaliundwa yasizidi kilomita 105 kwa saa, hata kama pikapu inaweza 160. Mimi natembea 95. Nati za magurudumu zikaze upya baada ya kilomita 80 hadi 160 za kwanza kila ukifungua gurudumu, na beringi zipakwe grisi mpya mara moja kwa mwaka.

Tangi la choo nitalisema kwa sentensi mbili, mnisamehe. Vali yake ikae imefungwa mpaka tangi likaribie kujaa, maana ukiiacha wazi maji hukimbia na vilivyobaki hujenga mlima unaogeuka saruji. Mwaga hilo kwanza, halafu tangi la maji ya kunawia lioshe bomba.

Adui halisi wa nyumba hii, hata hivyo, ni mvua. Paa lina mashimo mengi yaliyokatwa kiwandani, ya feni, ya bomba, ya ngazi, ya antena, na kila moja limezibwa kwa gundi inayokauka na kupasuka. Napanda mara mbili kwa mwaka, napitisha kidole kwenye kila mshono. Silikoni ya dukani usiitumie. Hushika vibaya, na kitu kingine hakishiki tena juu yake. Ukienda kununua la mkono wa pili, kandamiza kuta kwa kiganja, hasa kona za mbele na chini ya madirisha, na ukanyage sakafu kila kona kama mtu anayetafuta ubao uliooza, kwa sababu ndicho unachotafuta. Letu la sasa lilikuwa na doa dogo nyuma ya kabati la kitanda, la rangi ya chai. Nilipong'oa ubao nikakuta fremu imekuwa unga kwa urefu wa mkono mzima. Ufa wenyewe kule paani ulikuwa wa kuingiza ukucha.