Tarumbeta kwenye sarakasi: niende?

Mdogo wangu, umeuliza kama uache kupiga tarumbeta kwenye harusi na kwanjula (sherehe za utambulisho kabla ya ndoa) za Mbale ufuate kikundi cha sarakasi kinachozunguka Soroti, Lira mpaka Gulu. Nenda, ila kwanza uliza nani analipa chakula na malazi siku ya mvua isiyo na onyesho. Mimi niliwahi kulala chini ya turubai linalovuja, mfukoni sina hata shilingi.

Kazi yenyewe si kama ya harusini. Macho hayakai kwenye noti za muziki, yanakaa kwa mwanasarakasi. Akiteleza, mnarudia kipande kilekile mpaka ajipange. Akijiandaa kuruka ngoma inanguruma, akitua mnalipuka wote. Jizoeze kukata wimbo popote na kuingia mwingine bila kusita. Mwaka 1944 hema la sarakasi liliposhika moto Hartford, Marekani, bendi ya sarakasi hiyo, chini ya kiongozi wake Merle Evans, ilipiga machi (wimbo wa gwaride) iliyokuwa ishara ya hatari kwa wafanyakazi. Nanyi kubalianeni ishara yenu mapema.

Midomo nayo! Maonyesho mawili kwa siku yanaichosha vibaya, kwa hiyo mazoezini piga kwa sauti ndogo. Beba na mafuta yako mwenyewe ya kulainisha vali, vile vitufe vya tarumbeta, usitegemee ya mwenzio.