Preselekta Inaposhusha Mshale wa Kipokezi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninapenda kuwasikiliza wanaredio wa ridhaa kwenye megahezi 7, kwa kipokezi cha mawimbi mafupi chenye antena ya waya mrefu. Jioni husikika matangazo mahali pasipostahili kuwa na kituo. Rafiki aliniazima preselekta, lakini nilipoiunganisha mshale wa nguvu ya mawimbi ulishuka. Je, ni mbovu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, mshale kushuka si ushahidi wa ubovu. Preselekta isiyo na amplifaya ni koili na kapasita tu, zinazopitisha masafa uliyoyachagua na kuyadhoofisha mengine kabla hayajafika kwenye kipokezi, na kwa kawaida humeza desibeli chache za mawimbi unayoyataka. Kwenye megahezi 7 hasara hiyo haina uzito, kwa kuwa kelele za radi na za vifaa vya umeme vya majirani, zinazoingia kwa antena, huzidi sana kelele za kipokezi chenyewe. Kelele hizo hushuka pamoja na sauti ya mzungumzaji, na uwiano wao hubaki uleule. Linganisha uwiano huo, uachane na mshale.

Matangazo hayo huenda yanazaliwa ndani ya kipokezi kilichozidiwa nguvu. Kituo cha kilohezi 1,125 kikichanganyika na cha 5,975 huzaa mzuka, yaani kituo cha uongo, kwenye 7,100, na preselekta huuondoa kwa kuvizuia vyote viwili. Vituo vya 7,205 na 7,255, hata hivyo, vinaweza kuzaa mzuka kwenye 7,155 (mara mbili ya cha kwanza, ukitoa cha pili), na hapo preselekta haifui dafu: koili yenye ubora (kipimo cha ukali wake wa kuchagua masafa) wa 50 hupitisha upana wa kilohezi 140 hivi, ilhali katika kanda yetu vituo vya utangazaji huanzia 7,200, palepale wanaredio wa ridhaa wanapoishia.

Ili kupambanua, tumia antena ileile, zima urekebishaji wa otomatiki wa ukuzaji, kisha upime volti za sauti kwenye spika. Ukiweka kipunguza nguvu cha desibeli 10, volti za kituo halisi zitabaki takriban theluthi moja. Za mzuka wa aina ya kwanza zitabaki sehemu ya kumi, na za aina ya pili zitakaribia kutoweka. Rudia kwa kubadilisha haraka, maana mawimbi ya jioni hupanda na kushuka yenyewe.

Kuna jambo moja ambalo jaribio hili halilibaini. Kipokezi cha zamani kinachotumia masafa ya kati (masafa ya ndani ambayo kila kituo hubadilishwa kuwa) ya kilohezi 455 peke yake kinaweza kupokea pia kituo kilicho umbali wa kilohezi 910, nacho hupungua sawasawa na kituo halisi. Koili hiyohiyo hukidhoofisha kituo hicho kwa desibeli 20 hivi, kwa hiyo ukiwa na kipokezi cha aina hiyo, usiirudishe preselekta ya rafiki yako kabla ya kuijaribu tena.