Spidi pekee haitoshi kumpima risiva wa NFL
Ukijiuliza kama mbio za yadi 40 (jaribio la spidi) peke yake zinakwambia risiva, yaani mdakaji wa pasi, atatoboa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, jibu ni hapana. Angalia drafti (timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu) ya 2017 tu, John Ross alikimbia sekunde 4.22, rekodi ya wakati ule, timu ya Bengals wakamchukua namba 9 na msimu wa kwanza hakudaka hata pasi moja (kweli majeraha nayo yalimuandama sana), halafu Cooper Kupp alikimbia 4.62 akasubiri hadi namba 69, na 2021 akaongoza ligi nzima kwa pasi 145 alizodaka, yadi 1,947 na tachidauni 16 (kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani). Mi nikiangalia video za marisiva wakiwa chuo naangalia miguu kwanza, akifika pa kukata kona anaweza kufunga breki kwa hatua mbili tatu beki akapitiliza? Alafu mikono, anaudaka mpira kwa viganja mbele ya mwili au anausubiri uje kifuani, maana huko beki anaupangua kirahisi. Ila spidi msiidharau kabisa, beki akimuogopa mtu anarudi nyuma mapema na pasi fupi zinafunguka zenyewe.