Neno Arete: Wema, Fadhili au Sifa?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kikundi chetu cha kusoma Biblia tuliambiwa kwamba neno moja la Kiyunani, arete, limetafsiriwa "wema" katika 2 Petro 1:5 na "fadhili" katika 1 Petro 2:9. Imekuwaje, na lipi ndilo sahihi?
Msomaji, Changamwe, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, mliambiwa kweli. Katika Agano Jipya arete limo katika aya nne tu, hizo mbili pamoja na Wafilipi 4:8 na 2 Petro 1:3, na Biblia ya mwaka 1952 imeandika "wema" kote isipokuwa hapo penye "fadhili".

Wayunani wa kale hawakulitumia kwa tabia za watu peke yake. Jicho lilikuwa na arete yake, nayo ni kuona vyema, na farasi alikuwa nayo katika mbio. Mtazame mama anayenunua mbuzi ya kukunia nazi pale Marikiti: hupitisha kidole taratibu juu ya meno yake, akitafuta makali yatakayoikuna nazi ikawa laini, na akiyapata husema kwamba hii ndiyo mbuzi hasa. Uhasa huo, yaani kitu kufaa barabara kwa kazi yake, ndio arete. "Wema" hugusa upande mmoja tu, kwa kuwa masikioni mwetu hutangulia upole na ukarimu; katika 2 Petro 1:5, ambapo mtume anahimiza juhudi, ningependa usikike pia uhodari wa tabia.

Habari ya 1 Petro 2:9 ni nyingine, na ndiyo yenye utamu. Aya hiyo inarudia maneno ya Isaya 43:21, ambako waliofasiri Agano la Kale kwa Kiyunani waliandika arete, kwa wingi, mahali pa neno la Kiebrania tehila, yaani sifa. Biblia hiyo hiyo ya 1952 inasema katika Isaya "wazitangaze sifa zangu", lakini kwa Petro inasema "fadhili zake", na hapo uzi unakatika. Tena "fadhili" hiyo imetumika katika Wagalatia 5:22 kwa neno jingine kabisa, agathosune.

Kwangu mimi, neno linalostahili kwa Petro ni "sifa". Kiswahili kimejaliwa pande zote mbili katika neno hilo moja: tukisema fulani ana sifa za uongozi tunataja ubora alio nao, na tukimwimbia Mungu sifa tunamtukuza kwa ubora wake. Mkikutana tena, zisomeni aya hizo mbili kwa sauti, Isaya kwanza kisha Petro, mkitia "sifa" pote pawili.