Madoa meupe kwenye Montipora: anza na mayai

Pole sana ndugu, umeandika kuwa Montipora yako (aina ya tumbawe gumu) kwenye tangi la maji ya bahari ina madoa meupe; inauma kuona tumbawe likiliwa. Madoa meupe yanayoanzia ukingo wa chini, pamoja na vidudu vyeupe ulivyoviona usiku, naona ni dalili ya konokono wa baharini wasio na gamba. Ni wadogo, milimita chache tu. Geuza kipande, mulika tochi upande wa chini: mayai yao hukaa karibu na nyama iliyo hai. Kuchovya kwenye dawa ya iodini huwaangusha wakubwa, lakini mayai hayafi! Hapo ndipo wengi hukwama. Yakwangue, kata sehemu iliyokufa, urudie kuchovya kila wiki kwa wiki 4 au zaidi. Montipora zote zikae tangi la pembeni, hata zinazoonekana nzima.