Hodi Ina Jibu Lake

Kwako unayeanza kazi wiki hii katika nyumba ya watu wazima wenye usonji (autism). Utakabidhiwa funguo, ratiba ya dawa na daftari la zamu. Kabla ya yote, jua kwamba umeingia kwa watu. Sisi walezi tunapokezana zamu na kurudi kwetu mitaani, Kondele au Mamboleo. Wao wanabaki, hapo ndipo kwao.

Nilipoanza, hapa Kisumu, nilimhudumia kijana wa miaka 26 asiyetumia maneno. Asubuhi nilimwingilia chumbani bila hodi, nikamshika mkono, "Twende tuoge, mtoto mzuri." Akawa anapiga mayowe na kujiuma kiganja. Siku nne mfululizo niliandika daftarini: "Ana vurugu, amekataa kuoga." Aliyenifumbua macho ni mama mpishi. Alisimama mlangoni pa bafu, akanusa, akauliza, "Kwani hii sabuni ni mpya?" Ilikuwa mpya, yenye manukato makali. Tukarudisha sabuni ya kipande aliyoizoea. Kesho yake alikuja bafuni mwenyewe, taulo begani.

Neno "vurugu" bado linanichoma. Kwa hiyo usiandike hukumu. Andika ulichokiona, na hasa kilichotangulia. Mvua ya alasiri ilikuwa inapiga mabati? Kuna aliyehamisha kiti chake? Anashika shavu? Huenda ni jino, na hana namna nyingine ya kukwambia.

Halafu hiyo hodi. Wote tumelelewa hivyo: unabisha, unangoja uambiwe "karibu". Kwa asiyesema, "karibu" yake ni kukutazama, kusogea kidogo, au kukuachia nafasi mlangoni. Akigeukia ukutani amekujibu pia, rudi baadaye. Ukimpa kadi mbili za picha, ya chai na ya uji, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kuongeza neno. Wengi wetu tunauliza na kujijibu papo hapo, kisha tunasema hawezi kuchagua.

Mtu wa miaka 26 si mtoto, hata akipenda kuchezea kamba siku nzima. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Mwite jina lake. Wageni wakitaka kumpiga picha, kataa, ila yeye mwenyewe awe ameridhia.

Na jioni usitoroke kimyakimya kwa kuogopa atalia. Muage, mwoneshe kwenye ubao picha ya mlezi anayeingia. Tuliwahi kuruka hatua hiyo mara moja tu, siku ya haraka nyingi. Mkazi mmoja alikaa langoni hadi saa nne usiku, viatu miguuni, akimsubiri mlezi aliyekwisha kwenda zake.