Timu ya uongozi "wameamua" au "imeamua"?

Swali: Mimi ni mwalimu mkuu msaidizi wa shule ya msingi. Wiki iliyopita niliwaandikia wazazi tangazo hili: "Timu ya uongozi ya shule wameamua kwamba kuanzia muhula ujao wazazi wataonana na walimu siku za Ijumaa. Mwenye swali amwone msaidizi wa mwalimu mkuu." Kabla halijabandikwa, mwalimu mwenzangu akaliwekea alama nyekundu mahali patatu: "ya shule", "wameamua" na "msaidizi wa mwalimu mkuu". Mimi sioni kosa. Nani yuko sahihi? Na je, ni kosa kusema "mkuu wa shule" badala ya "mwalimu mkuu"?

Jibu: Mwalimu, kati ya alama hizo tatu, mwenzako kapatia mbili na moja kakuonea. Nianze na hiyo aliyokuonea, maana haina mambo mengi. "Timu ya uongozi ya shule" ni sawa kabisa. Ile "ya" ya pili inaifuata timu: timu ni ya uongozi, na timu hiyohiyo ni ya shule. Yeye angependa "timu ya uongozi wa shule", na hapo "wa" inaushika uongozi. Yote mawili yanasimama kisarufi, na hakuna mzazi atakayepata maana tofauti.

Penye kazi ni "wameamua". Najua ilikotoka. Katika mazungumzo tunasema kila siku "kamati wamekaa jana" au "timu wamefungwa", kwa sababu akilini tunawaona watu, hatuioni kamati. Tena una hoja ya kisarufi ambayo huenda mwenzako hakuifikiria. Neno "kiongozi" lina "ki-" mwanzoni, lakini hakuna asemaye "kiongozi kimefika". Tunasema kiongozi amefika, viongozi wamefika, kijana anasoma, vijana wanasoma. Umbo la neno linaachwa, mtu anapewa haki yake. Basi kwa nini timu, ambayo nayo ni watu, isipewe?

Jibu utalipata ukilirudisha neno kwenye umoja. "Kiongozi amefika" inapita, kwa kuwa kiongozi mmoja ni mtu mmoja. Sasa sema "timu amefika". Sikio linakataa palepale. Timu moja ni chombo chenye watu ndani yake, na zikiwa nyingi tunasema "timu zimefika". Neno lisilokubali "a-" katika umoja haliwezi kudai "wa-" katika wingi. Kwa hiyo kamati imekaa, bodi imeridhia, jopo limeteua, baraza limepitisha, timu ya uongozi imeamua. Ukitaka watu waonekane, wataje kwa jina lao: "wajumbe wa kamati wamekubaliana". Hapo "wa-" ina mwenyewe.

Neno linaloponza wengi zaidi ni "uongozi" lenyewe, kwa sababu linabeba mambo mawili. Ukisema "uongozi wake umeinua shule", unataja kazi ya kuongoza. Ukisema "uongozi umetangaza", unawataja wanaoifanya kazi hiyo. Maana zimehama, upatanisho haukuhama: uongozi umeamua, uongozi unawakaribisha, uongozi haujapokea barua. "Uongozi wameamua" nimeiona kwenye mabango mengi, na kila nikiiona natamani kalamu.

Lakini mwalimu, sarufi ikishanyooka bado kuna uamuzi wa mwandishi, na huu nauona mzito kuliko ule wa kwanza. "Uongozi umeamua" ni sauti isiyo na sura; mzazi akiisoma hajui aende kwa nani. "Timu ya uongozi imeamua" walau inaonyesha kwamba watu walikaa wakashauriana. "Sisi viongozi wa shule tumeamua" inamwambia mzazi kwamba aliyeandika alikuwamo kikaoni na yuko tayari kuulizwa. Wewe ulikuwamo. Tangazo lako lakini linakuzungumzia kana kwamba unasimulia habari za watu wengine. Kiswahili kinakuruhusu kuweka nafsi ya kwanza pembeni ya jina bila taabu yoyote: sisi walimu tumekubaliana, sisi wazazi tunaomba. Itumie.

Wapo wanaokataa "timu ya uongozi" kwa hoja kwamba timu ni ya mpira. Sikubaliani nao. Neno hili lina kazi yake shuleni: linawatenga wale wachache wanaoiendesha shule kila siku, yaani mwalimu mkuu, msaidizi wake, mwalimu wa taaluma, mwalimu wa nidhamu na wengine kadiri shule ilivyojipanga, wasichanganywe na kamati ya shule, ambamo wazazi nao wana viti. Kenya utasikia bodi ya usimamizi. Ukiandika "uongozi wa shule" peke yake, mzazi anaweza kudhani kamati yake imekaa bila yeye kupewa habari, na manung'uniko yakaanzia hapo. Kwa hiyo "timu ya uongozi" ibaki, ila ipewe "imeamua".

Sasa "msaidizi wa mwalimu mkuu". Hapa mwenzako amekuokoa. Mwaka mmoja nilikwenda kufuatilia uhamisho wa mwanangu nikiwa na karatasi yenye maneno hayohayo. Mlinzi aliisoma, akanipeleka kwa karani, nikakaa kwenye benchi asubuhi nzima. Mlinzi hakukosea, maana karani kweli humsaidia mwalimu mkuu. Aliyekosea ni karatasi. "Msaidizi wa mwalimu mkuu" ni yeyote anayemsaidia: karani, mhudumu, hata mwanafunzi aliyetumwa kubeba madaftari. "Mwalimu mkuu msaidizi" ni cheo, na mwenye cheo hicho ni mmoja anayejulikana. Katika cheo hicho "msaidizi" haligusi neno "mwalimu" peke yake. Linaufuata mkufu mzima, "mwalimu mkuu". Ndiyo maana mpangilio haubadilishwi ovyo. Ukisema "mwalimu msaidizi mkuu" umepata mtu wa tatu, aliye mkubwa wa walimu wasaidizi. Maneno ni yaleyale matatu, mpangilio umetoa kazi nyingine. Wingi nao unapita katika kila neno: walimu wakuu wasaidizi. Usiandike "mwalimu mkuu wasaidizi", wala "walimu mkuu wasaidizi".

Tanzania cheo hiki ni cha "msaidizi". Kenya wengi husema "naibu wa mwalimu mkuu" au "naibu mwalimu mkuu". Kila mmoja yuko sahihi kwake. Naibu huwa manaibu, lakini ni mtu, kwa hiyo ni naibu wangu na manaibu wangu, si "naibu langu". "Makamu" lina maana iliyo karibu sana, ila mazoea yamelipeleka kwingine: makamu wa rais, makamu mwenyekiti, makamu mkuu wa chuo. Shule ya msingi halijazoeleka, na sioni sababu ya kulilazimisha.

La kuangalia kwa makini ni "kaimu", kwa sababu huchanganywa na naibu hata kwenye barua rasmi. Yote mawili yametoka Kiarabu. Kaimu asili yake ni aliyesimama. Makamu, lenye mzizi uleule, ni mahali pa kusimama. Kaimu basi ni aliyesimama kwenye nafasi ambayo kwa wakati huo mwenyewe hayupo. Wewe ni msaidizi mwaka mzima, hata mwalimu mkuu akiwa ofisini kwake. Akienda likizo nawe ukaachiwa ofisi, unakaimu, na siku hizo unatia saini kama kaimu mwalimu mkuu. Akirudi, ukaimu umekwisha, usaidizi unaendelea. Na ile "k.n.y." inayowekwa juu ya saini, yaani kwa niaba ya, ni jambo jingine: mwenye ofisi yupo, mkono tu ndio wako. Niaba na naibu pia ni ndugu wa mzizi mmoja, na ukilikumbuka hilo hutaandika "kaimu" mahali pa "k.n.y."

Kuhusu "mkuu wa shule", inategemea uko wapi. Katika lugha ya kiofisi Tanzania, mwalimu mkuu ni wa shule ya msingi na mkuu wa shule ni wa sekondari. Ukivibadilisha, barua inaweza kumfikia mtu mwingine. Kenya "mwalimu mkuu" hutumika kote kuwili. Lakini hata pale ambapo hakuna mkanganyiko wa cheo, jihadhari na wingi wake. Neno "shule" halibadiliki, kwa hiyo "wakuu wa shule" huweza kuwa wakuu kumi wa shule kumi waliokutana kwenye semina, au wakubwa watatu wa shule moja. "Walimu wakuu" haina mtego huo, maana shule huwa na mwalimu mkuu mmoja tu. Tena ni neno lisilobagua mwanamke na mwanamume, kwa hiyo "mwalimu mkuu wa kike" liache, isipokuwa jinsia ndiyo habari yenyewe.

Tangazo lako ningeliandika hivi:

"Ndugu wazazi, sisi timu ya uongozi wa shule tumeamua kwamba kuanzia muhula ujao mtaonana na walimu siku za Ijumaa. Mwenye swali amwone mwalimu mkuu msaidizi."

Nimeweka "tumeamua" baada ya "sisi timu" kwa makusudi. Upatanisho hapo unaifuata "sisi", nayo timu inaeleza tu sisi ni akina nani. Mwenzako akiiwekea nyekundu, mwonyeshe hiyo "sisi". Ukiiondoa, rudi kwenye "imeamua". Chini ya tangazo andika jina lako, kisha cheo kwa herufi kubwa za mwanzo, Mwalimu Mkuu Msaidizi. Ndani ya maelezo herufi ndogo zinatosha.